Upasuaji umefaulu, je, mama amepona?

Kila kambi ya matibabu ya bure inapofungwa katika hospitali zetu za kaunti, magazeti huchapisha taarifa ya aina moja. Husemwa kwamba akina mama kadha wa kadha walipasuliwa, madaktari wageni wakashukuriwa, mkubwa fulani akatoa hotuba na picha ikapigwa. Idadi ya waliopasuliwa ndiyo huwa habari yenyewe. Sina ugomvi na idadi hiyo, kwa maana kila mmoja katika hesabu ile ni mtu aliyesubiri kwa miaka. Swali langu ni lile ambalo taarifa hizo huliacha mlangoni: kidonda kikishakauka na mgonjwa akarudi kwake, anaishije?

Maradhi ninayoyakusudia ni kushuka kwa kizazi pamoja na viungo jirani vyake. Wenyewe aghalabu husema "kizazi kimetoka" au "nyumba ya mtoto imeshuka". Misuli na kano za sakafu ya nyonga, ambazo kazi yake ni kukishikilia kizazi, kibofu na sehemu ya mwisho ya utumbo, hulegea au huchanika. Kiungo kimojawapo, au zaidi ya kimoja, huteremkia ukeni na pengine hutokeza nje kabisa. Sababu zinajulikana: uzazi wa mara nyingi, uchungu wa muda mrefu, mizigo mizito, kikohozi kisichokoma, kufunga choo, na umri unapopita ule wa hedhi. Wala mtu asidhani kwamba haya ni maradhi ya wachache. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliofanywa ng'ambo ya pili ya mpaka wetu wa Taveta, katika wilaya za Rombo, Hai na Same mkoani Kilimanjaro. Wanawake 1,047 walipimwa. Asilimia 64.6 walionekana kuwa na kiwango fulani cha kushuka kwa viungo hivyo, na asilimia 6.7 walikuwa na hali kali. Waliokuwa wakibeba mizigo mizito kwa saa nyingi na waliozalia nyumbani walikuwa miongoni mwa walio hatarini zaidi. Mlima Kilimanjaro una pande mbili, na sioni kwa nini mzigo wa kuni uwe mwepesi upande wa huku.

Ni nadra maradhi haya kuua. Jambo hilo laweza kuonekana kuwa ni faraja, lakini ndilo linalowafanya wapangaji wa huduma za afya wayaweke mwisho wa foleni, na ndilo pia linaloupa upasuaji wake hukumu ya namna yake. Kiswahili kimetutofautishia uhai na maisha. Uhai ni kule kupumua. Maisha ni yale mtu anayoyafanya na pumzi hiyo: kulima, kuswali, kusafiri kwa matatu, kuketi katika chama cha akina mama bila ya kuogopa harufu, kulala na mumewe bila ya uchungu wala fedheha. Mpasuaji wa kidole tumbo huokoa uhai, na mgonjwa akiamka hai kazi imekwisha. Mpasuaji anayerudisha kizazi au kibofu mahali pake huokoa maisha. Basi ikiwa hatukuyapima maisha hayo, tutasema vipi kwamba kazi imefaulu?

Wenye taaluma wenyewe wamelitambua tatizo hili. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichukua rekodi za wanawake waliofanyiwa upasuaji wa kushikiza viungo hivyo kupitia tumboni, miaka miwili baada ya kisu, wakazipitisha katika tafsiri 18 tofauti za neno "kufaulu". Wanawake walikuwa wale wale na upasuaji ule ule. Hata hivyo, kiwango cha kufaulu kilianzia asilimia 19.2 na kufika asilimia 97.2, kwa kutegemea tu neno hilo limefafanuliwa vipi. Kwa fasili zilizodai kila kiungo kiwe kimepanda juu kabisa, waliofaulu walikuwa kati ya asilimia 19.2 na 57.6. Ilipoulizwa tu kama mgonjwa bado anahisi kitu kikishuka, asilimia 92.1 hawakuhisi. Ilipohesabiwa kuwa amefaulu kila asiyerudi kutibiwa tena, ndipo ikafikiwa ile asilimia 97.2. Na katika fasili zote hizo, iliyokubaliana zaidi na maoni ya wanawake wenyewe kuhusu nafuu yao ni ile ya kutohisi kitu kikishuka. Mimi ni mtu wa isimu, na kwa muda mrefu nimewafundisha vijana kwamba fasili si pambo la kamusi. Hapa fasili peke yake imetosha kumhamisha mgonjwa kutoka safu ya waliopona hadi safu ya wasiopona, na kumrudisha.

Utazame sasa utafiti mwingine wa huko huko Marekani, uliochapishwa mwaka 2018, uliowafuata wagonjwa kwa miaka mitano baada ya kupasuliwa kupitia ukeni. Kwa vigezo vya watafiti, vilivyochanganya umbo la viungo, dalili na matibabu ya marudio, upasuaji wa njia moja ulikadiriwa kushindwa kwa asilimia 61.5, na wa njia ya pili kwa asilimia 70.3. Msomaji atashtuka. Lakini wanawake hao walipoulizwa juu ya dalili zao, walikuwa bado wana nafuu kubwa kuliko kabla ya kupasuliwa. Rula ilisema upasuaji umeshindwa. Mwenye mwili alisema amepata nafuu.

Kinyume chake nacho hutokea. Kizazi au kibofu kikirudishwa mahali pake, mkojo ambao hapo awali ulizibwa na kule kushuka kwenyewe huweza kuanza kuponyoka mtu anapokohoa au kucheka. Mwaka 2006 ilichapishwa taarifa ya wanawake 322 waliopasuliwa kupitia tumboni, ambao kabla ya hapo hawakuwa na shida hiyo. Miezi mitatu baadaye, miongoni mwa wale ambao hawakufanyiwa nyongeza ya kushikiza shingo ya kibofu, asilimia 44.1 walihesabiwa kuwa na tatizo la mkojo kuvuja. Waliofanyiwa nyongeza hiyo walikuwa asilimia 23.8. Mama wa namna hii akipimwa, kila kiungo kipo mahali pake. Yeye ametoka kwenye aibu moja akaingia nyingine, na daftari la hospitali limeandika kwamba amepona.

Kwa ajili ya mambo kama haya, mwaka 2005 ilichapishwa nchini Uingereza hojaji ya maswali 20 inayogusa nyanja tisa: afya kwa jumla, athari ya maradhi, kazi za nyumbani na za nje, uwezo wa mwili, mwingiliano na watu, uhusiano na mwenzi, hisia za moyo, usingizi na nguvu, na ukali wa dalili. Majibu hugeuzwa kuwa alama kutoka 0 hadi 100, na alama zinavyopanda ndivyo maisha yalivyo mabaya. Majirani zetu wa Ethiopia walichapisha tafsiri ya Kiamhari ya hojaji hiyo mwaka 2019, baada ya kuihakiki kwa wagonjwa wenyewe. Mwaka 2021 ulifuata utafiti wa wanawake waliopasuliwa katika hospitali ya Gondar, na matokeo yalikuwa ya kutia moyo: hali yao ya maisha ilikuwa imeboreka sana. Kwa hiyo sisemi hata kidogo kwamba upasuaji huu haufai. Kwa wanawake wengi unafaa mno. Ninasema kwamba nchini Ethiopia wanalijua hilo kwa sababu waliuliza, na waliuliza kwa lugha ya wanaoulizwa.

Hapa ndipo ninapoona kuwa wanaisimu tuna deni. Kuuliza si kazi rahisi kama inavyodhaniwa. Sisi wazungumzaji wa Kiswahili tuna adabu ya salamu. "Hujambo" kwa asili yake ni swali la kama kuna jambo lililokupata, na jibu lake hujulikana kabla halijatamkwa: "Sijambo." Hata aliyefiwa huitikia "salama" kwanza, kisha ndipo taarifa ya msiba ifuate katika zamu ya pili au ya tatu ya mazungumzo. Chukua adabu hiyo uipeleke katika chumba cha daktari ambapo wagonjwa 60 wanangoja nje. Daktari: "Mama, unaendeleaje?" Mama: "Namshukuru Mungu." Daktari huandika kwamba mgonjwa anaendelea vyema. Zamu ya pili ya mazungumzo, ile ambayo ndani yake ndimo ukweli ungetoka, haipo. Mama hakusema uongo, na daktari hakukosa utu. Wote wawili wamefuata kanuni za salamu, na salamu haikuumbwa iwe kipimo cha maradhi.

Kuna pia suala la msamiati. Katika mazoezi ya darasa la tafsiri nimewahi kuwapa wanafunzi wangu swali moja la kitabibu, linalouliza kama mgonjwa anahisi kitu kikitokeza ukeni. Wengi waliandika "uvimbe". Neno hilo ni sahihi katika kamusi, lakini kliniki litapotosha, kwa kuwa mwanamke wa Kenya akisikia "uvimbe kwenye kizazi" huelewa ule uvimbe unaomea ndani na kumletea hedhi nzito. Atajibu kwamba hana, na kizazi chake kimeshuka. Au chukua swali la mkojo. "Je, wewe hujikojolea?" ni swali linalotukana. Kile kirejeshi "ji" kinamfanya mama kuwa mtenda na mtendwa wa aibu yake mwenyewe, kama mtoto mchanga. "Je, mkojo hukuponyoka?" linaufanya mkojo uwe ndio mtenda, na mama akabaki na heshima yake na uhuru wa kujibu. Mbinu hiyo ndogo ya sarufi inaweza kuwa tofauti baina ya ndiyo na la. Na yule anayeuliza juu ya "tendo la ndoa" amekwisha kumfungia nje mjane na aliyeachwa, ambao nao wana miili.

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Akina mama hawa hawakuficha. Walizaa, tena wengine walizaa sana, na kuzaa huko ndiko kulikowafikisha hapa. Leo tunawataka waufiche tena uchi huo huo, kwa sababu lugha ya heshima tuliyo nayo haina nafasi ya maradhi yao. Tafsida ina kazi yake, nami ni wa mwisho kutaka lugha ya Kiswahili ivuliwe nguo hadharani. Lakini tafsida inayomzuia mgonjwa asitaje panapouma imeacha kuwa adabu.

Mtu akiona kwamba ninalikuza suala la kusikilizwa, na ayatazame yaliyozikuta nchi tajiri. Kwa miaka mingi madaktari wa huko walipachika wavu wa plastiki kupitia ukeni ili kuvishikiza viungo vilivyoshuka. Kwa rula, mambo yalionekana mazuri. Baadhi ya wanawake wakaanza kulalamika juu ya maumivu, kutokwa damu, na kushindwa kukutana na waume zao. Mwaka 2011 mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa vya tiba ilitoa onyo kwamba madhara hayo si nadra, na mwezi wa Aprili 2019 ikaamuru uuzaji wa wavu wa namna hiyo ukomeshwe. Nchini Uingereza matumizi yake yalisitishwa mwaka 2018, na tume iliyoongozwa na Julia Cumberlege ilipotoa ripoti yake mwezi wa Julai 2020, shutuma yake kubwa ilikuwa kwamba wanawake walisema na hawakusikilizwa. Kumbuka kwamba hawa walikuwa na simu, mawakili, magazeti na lugha moja na madaktari wao. Mama wa Marsabit au wa Kuria ambaye hana hata kimoja kati ya hivyo atasikilizwa na nani?

Hata hivyo, lawama zote zisitupwe hospitalini. Sehemu kubwa ya maisha baada ya upasuaji huamuliwa nyumbani. Madaktari kwa kawaida humwagiza mgonjwa asiinue kitu kizito wala asikutane na mume kwa muda wa wiki sita hivi, ale vyakula vya kulainisha choo, na afanye mazoezi ya kuibana misuli ya nyonga. Agizo hilo huandikwa kwenye karatasi, akapewa mgonjwa. Lakini mtungi wa lita 20 za maji una uzito wa kilo 20, na karatasi haibebi mtungi. Mama anarudi kwenye boma ambako kisima kiko mbali, jiko ni la kuni, na mtoto wa mwisho bado anabebwa mgongoni. Ikiwa mumewe, wanawe wa kiume na mama mkwe wake hawakuambiwa lolote, atapumzika siku nne, na ya tano ataitwa mvivu. Agizo la daktari lilipaswa kuandikiwa jamaa nzima, nalo lisomwe kwa sauti mbele yao.

Nchi ya Nepal imekwisha kuipita njia hii. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba tatizo la kushuka kwa kizazi linagusa haki za wanawake, na serikali ikaamrishwa kuchukua hatua. Serikali iliitikia hasa kwa kupasua. Mwaka 2014 shirika la Amnesty International lilitoa ripoti iliyolalamika kwamba kisu kimepewa umbele huku kinga ikiachwa nyuma: ndoa za mapema, uzazi wa mfululizo, na kubebeshwa mizigo wakati wa ujauzito na mara baada ya kujifungua. Maana yake ni kwamba pale upasuaji unapohesabiwa na maisha yasihesabiwe, hospitali hurekebisha mwili huku nyumba na shamba vikiendelea kuubomoa.

Najua nitaambiwa: madaktari wetu ni wachache, foleni ni ndefu, na wapo wengi ambao hawajapasuliwa hata mara moja, itakuwaje tupoteze muda kuwahoji waliokwisha kutibiwa? Hoja hiyo ina uzito, lakini inajipinga yenyewe. Nchini Marekani, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba karibu asilimia 30 ya upasuaji wa kushuka kwa viungo na wa mkojo kuvuja ulikuwa wa marudio. Mgonjwa asiyefuatwa hurudi katika foleni ile ile akiwa na kazi ngumu zaidi, au hasirudi kabisa, akawaambia wenzake kijijini kwamba kisu hakisaidii. Kumfuata aliyetibiwa ni njia mojawapo ya kuifupisha foleni.

Wala haihitaji mali nyingi. Tangu mwaka 2013 huduma nyingi za afya zimo mikononi mwa kaunti, na Katiba yetu ya 2010 katika Kifungu cha 43 imemhakikishia kila mtu haki ya kiwango cha juu iwezekanavyo cha afya, afya ya uzazi ikiwamo. Kila kaunti inayoandaa kambi ya upasuaji na imtolee kila mgonjwa tarehe ya kurudi baada ya wiki sita, miezi sita na mwaka mmoja, pamoja na nauli kwa asiyejiweza. Muuguzi, si daktari, amuulize kwa faragha maswali machache yasiyojibika kwa "sijambo": Kuna kitu unachokihisi kikishuka? Mkojo au choo hukuponyoka? Kuna kazi uliyokuwa ukiifanya ambayo sasa huiwezi? Kuna maumivu unapokutana na mwenzi wako, ikiwa unaye? Umelalaje wiki hii? Asiyeweza kufika atembelewe na mhudumu wa afya ya jamii, naye apewe maswali hayo kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali pale, yakiwa yamejaribiwa kwanza kwa akina mama wenyewe na siyo kutafsiriwa usiku mmoja ofisini. Idara za lugha katika vyuo vikuu vyetu zina wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka. Mada ndiyo hii.

Kisha kila kambi inayotangaza idadi ya waliopasuliwa ilazimike, baada ya miezi 12, kutangaza idadi ya walioonwa tena na waliyoyasema. Mwenye hali ambayo haijawa kali aonyeshwe kwanza mazoezi ya misuli na pesari, ile pete laini inayowekwa ukeni kukishikilia kizazi, ili kisu kiwe chaguo lake na si agizo asilolielewa. Na waume tuliozaliwa na mama hawa, tukaoa binti zao, tujue kwamba mtungi wa maji una mpini mpana wa kutosha mkono wa mwanamume.

Upasuaji utaendelea kuhitajika, na wanaoupasua mwili kwa ustadi wastahili shukrani. Lakini neno "kupona" katika Kiswahili mtendaji wake ni mgonjwa, si daktari. Daktari huponya, na mgonjwa ndiye anayepona. Basi yeye ndiye mwenye haki ya kulitamka neno hilo, na hospitali haina ruhusa ya kulitamka kwa niaba yake kabla haijamuuliza.